Msitu wa kijiji Muheza: kuuhifadhi kisheria na kufungua njia ya wageni

ZigiJuu aliuliza:

Habari zenu wakuu. Kuna msitu wa asili wa hekta 90 hivi kwenye ardhi ya kijiji huku Muheza, umeshikana na milima ya Usambara Mashariki. Kijito chake kinaingia mto Zigi, maji hayahaya yanayonywewa Tanga mjini. Serikali ya kijiji inataka msitu uwe hifadhi, na pawe na njia ya miguu kwa wageni wanaopita kwenda Amani. Naomba utaratibu kamili: tunaanzia wapi kisheria, njia ikatwe vipi kwenye mteremko mkali isije ikawa korongo, na je, msitu mzima uwe wa kutembelewa?

Bikoni37 alijibu:

Mkuu, kwanza hakikisheni msitu ni wa nani. Ukiwa ndani ya hifadhi ya msitu ya taifa, mwenye mamlaka ni TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na kijiji kinaingia kwa makubaliano ya usimamizi wa pamoja. Ukiwa kweli kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Misitu ya 2002 inawapa njia ya hifadhi ya msitu wa kijiji, na hapo wasimamizi ni ninyi wenyewe. Tazameni cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi kabla ya kushika panga.

Halmashauri ya kijiji inapendekeza, lakini anayeamua ni mkutano mkuu wa kijiji. Huko ndiko inakochaguliwa kamati ya maliasili, na wanawake wawemo, kwa sababu wao ndio wanaojua kuni zinatoka wapi. Kisha mnapima mpaka, mnahesabu rasilimali za msitu, mnaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, vyote vinarudi mkutano mkuu, halafu vinapanda halmashauri ya wilaya. Muhtasari usiokuwa na orodha ya mahudhurio yenye sahihi hurudishwa, na mnapoteza miezi.

Panapoharibika zaidi ni mpaka. Ramani za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, na GPS inatoka kiwandani ikiwa kwenye mfumo mwingine, WGS 84. Mkichukua namba za ramani mkaziingiza kwenye GPS bila kubadili mfumo, mpaka unahama kama mita 300. Hapo mmeshaingia shamba la iliki la mtu au kijiji jirani. Kwenye GPS wekeni kanda ya ramani ya UTM 37 Kusini, andikeni jina la mfumo kwenye kila karatasi, na chini ya miti mirefu acheni mashine itulie dakika kadhaa kwenye kila nukta ipate wastani. Tembeeni mpaka pamoja na wazee na viongozi wa kijiji jirani, wasaini siku hiyohiyo. Bikoni za zege zenye namba ziwekwe kwenye kila kona, na kutoka bikoni moja muione inayofuata.

Fremu_A alijibu:

Nami niseme habari ya njia. Adui wa njia Usambara ni maji kuliko miguu ya watu. Njia ikishuka moja kwa moja na mteremko, masika moja tu inakuwa mfereji, wageni wanahamia pembeni, na mwaka wa pili mna njia tatu badala ya moja.

Ikateni ikizunguka ubavu wa mlima. Mwinuko wa kawaida usizidi asilimia 10, na usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wenyewe. Huhitaji kifaa cha bei. Tengenezeni fremu ya A kama wanayopimia matuta Lushoto: ncha za miguu ziachane mita 2, kamba yenye jiwe ining'inie katikati. Ipimeni kwanza kwenye sakafu iliyo sawa, mtie alama pale kamba inapogusa boriti inayounganisha miguu. Kisha fungeni kipande cha mbao cha sentimita 14 chini ya mguu wa upande wa chini. Kamba ikirudi kwenye alama, mko kwenye asilimia 7. Pigeni vigingi kila hatua, mtembee mstari wote mara mbili, ndipo jembe liingie.

Upana wa sentimita 60 hadi 90 unatosha. Uso wa njia uinamie upande wa bonde kidogo, sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita, maji yavuke yasitembee juu yake. Na kila baada ya mita 15 hadi 20 njia ipande kidogo, kwa urefu wa mita 3 au 4, ndipo iendelee kushuka. Maji yakifika hapo yanatoka yenyewe. Magogo ya kugeuza maji watu wanayapenda kwa kuwa ni rahisi kuweka, lakini yanaoza, na nyuma yake panajaa udongo. Mvua inayofuata inapita juu kama hayapo. Udongo mliochimba umwagwe mbali upande wa chini. Ukiachwa ukingoni unakuwa ukuta, na maji hayana pa kutokea.

Choo na sehemu ya kupumzikia viwe angalau mita 60 kutoka kijitoni.

Mnyasa alijibu:

Swali la tatu ndilo zito. Msifungue msitu mzima. Marekani wana sheria ya mwaka 1964 ya maeneo ya pori ndani ya ardhi ya umma: hakuna barabara, hakuna gari, na hata njia za miguu kwa kawaida zinasafishwa kwa msumeno wa mkono. Sheria yetu haina daraja hilo kwa msitu wa kijiji, ila mpango wa usimamizi unaweza kugawa kanda, na sheria ndogo zikaipa kila kanda nguvu. Chanzo cha kijito na bonde lake viwe kanda isiyoguswa. Njia ipite ukanda wa nje, na kuni kavu ziokotwe huko huko kwa siku zilizotajwa. Matunda ya msambu (Allanblackia, mti wa asili wa mbegu za mafuta) yanaanguka yenyewe, kwa hiyo kuokota mbegu zake kunaruhusika bila kukata kitu.

Angalieni pia mti wa mesopsis (Maesopsis eminii). Ililetwa, na ikasambaa Usambara Mashariki kwa sababu hondohondo hula matunda yake na kuzitupa mbegu mbali. Chini ya mti wanapolala ndege hao, utakuta miche imejaa kama kitalu. Ng'oeni miche hiyo kwa mkono ingali chini ya goti, udongo ukiwa umelowa. Miti mikubwa msiiangushe kwa pamoja: jua likiingia ghafla, mesopsis ndiyo inayowahi, na kichaka vamizi cha Lantana nyuma yake. Chuneni gome mduara mzima, mti ufe taratibu ukiwa umesimama, michache kwa mwaka, mahali ambapo miche ya asili imeshasimama.

ZigiJuu:

Asanteni sana. Mpaka wetu upande mmoja umepakana na mashamba ya chai. Tupande mkaratusi kuuonyesha?

Bikoni37:

Hapana, si karibu na kijito. Unakunywa maji mengi. Mitiki inashika vizuri maeneo ya chini. Safu moja, nafasi ya mita 3, ipandwe upande wenu wa mpaka, na mwandike kwenye mpango kwamba miti hiyo ni ya kijiji, isije ikadaiwa siku ya kuvunwa.