Kuonja keki za vikombe msimu wa Krismasi

Swali: Tunalinganisha keki za vikombe za maduka matano hapa Dar. Tuzionjeje ili hukumu iwe ya haki?

Jibu: Nunueni vanila tupu kila duka, za siku hiyohiyo, chokoleti huficha makosa. Zikitoka kwenye friji, ziacheni nje kama saa moja. Siagi ikiwa baridi, hata keki nzuri huonekana ngumu.

Jibu: Kateni katikati kwa kisu cha meno. Mashimo marefu yanayopanda juu yanaonyesha mchanganyiko umekorogwa kupita kiasi. Ladha ya sabuni? Magadi soda yamezidi.

Jibu: Krimu ionjeni peke yake, mwisho. Ikiacha utando kaakaani, kuna mafuta ya kupikia ya mgando. Msiwakate alama nyingi kwa hilo: kwa joto la Desemba, krimu ya siagi tupu hulegea njiani. Na kati ya keki, maji, si soda.