Tupeane uzoefu: gemu la superhero lina madudu kibao ila ukishika padi huachii

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi ni wa wapenzi wa gemu, hasa nyie mliokulia kwenye vibanda vya pleisteshen. Sitaki orodha ya magemu bora duniani, hizo zipo kila kona. Nataka utuambie lile gemu moja la superhero ambalo ukiambiwa utaje ubaya wake unataja mpaka kesho lakini bado unalipenda na ukilikuta mahali leo unavuta kiti unakaa.

Naanza mimi. Spider-Man 2 ya PS2, ile ya 2004, iliyotengenezwa na studio ya Treyarch. Raia wa New York mle ndani shida zao ni zilezile siku zote, mara mtu ananing'inia ghorofani anakaribia kudondoka, mara boti inazama, mara dogo baluni lake limepaa analia, umemaliza kumsaidia huyu ukikata kona ya pili yupo mwingine na kilio hichohicho na sauti ileile. Halafu stori haisogei mpaka ufikishe pointi za ushujaa walizokupangia, kwahiyo upende usipende utakimbizana na vibaka wa mikoba tu. Kamera ukiingia ndani ya jengo inajibana kwenye kona humuoni adui wala hujioni mwenyewe. Sura za watu nazo, hata kwa wakati ule zilikuwa za kulipua.

Lakini wakuu ule utando!! Kwenye gemu la Spider-Man la 2002 ulikuwa ukirusha utando unashika hewani tu, unaenda bila kufikiria. Hili la 2004 utando lazima ushike jengo kweli. Unaangalia ghorofa la kulia, unarusha, unashuka kwa kasi mpaka unakaribia paa za magari, unaanza kupanda tena, na hapo kwenye kupanda ndo panataka akili maana ukiachia mapema unaenda mbele chinichini, ukichelewa mwendo wote umekufa, ila ukiachia palepale penyewe jamaa anarushwa juu unaona mji mzima halafu unatafuta jengo lingine kabla hujaanza kushuka. Ukifika Central Park majengo yanaisha, unabaki kurukaruka chini, na hapo ndo unaelewa kwamba kumbe mji ndo ulikuwa unakubeba. Nilikuwa nalipia nusu saa kibandani na ile nusu saa yote naimaliza kubembea, misheni siigusi, na wenye zamu wanalalamika nyuma "huyu mbona hachezi". Ndo nilikuwa nacheza sasa.

Karibuni.

mtaa_wa_pili
Mkuu umenigusa, umesahau pizza tu. Unapewa boksi za kupeleka na dakika za kuhesabu na ule wimbo wa Kiitaliano unapiga mfululizo, ukipiga sarakasi hewani pizza zinaharibika. Wengi wanazichukia zile misheni, mimi nilikuwa naenda kuziomba mwenyewe, maana zinakulazimisha ubembee kwa adabu. Na yule adui Mysterio pale dukani je? Mita yake ya uhai inajaa, inajaa tena, inajaa mara ya tatu, kibanda kizima kimenyamaza tunajua leo tumekwisha, Spider-Man anamtandika ngumi moja tu chini. Watu walishangilia mpaka mwenye kibanda akatoka nje kuuliza kuna nini.

kompyuta_ya_zamani
Mnaosifia Spider-Man 2 mlicheza ya PS2. Sisi tuliokuwa na kompyuta tulipata kitu kingine kabisa, jina moja, picha ya kasha ileile, ndani gemu jingine limerahisishwa kwa watoto wadogo, utando unajishika kwenye sehemu walizoziwekea alama tu. Nilikuwa nimehadithiwa shuleni habari za kubembea popote unapotaka, nikahangaika mpaka nikalipata, kulifungua nikadhani CD mbovu. Nikairudisha kwa muuzaji, akaniwekea mbele yangu kwenye mashine yake, kitu ni kilekile. Niliumia kusema kweli. Ila nikalimaliza maana ndo lilikuwepo, na mapigano yake hayakuwa mabaya, na mdogo wangu ambaye alikuwa hawezi kabisa magemu ya wakubwa alilimaliza hilo peke yake bila msaada wangu. Alitembea mtaa mzima anatangaza. Kwahiyo siwezi kulitukana.

eastlands_ps2
Niaje wadau, nawasalimu kutoka Nairobi. Mimi moyo wangu uko kwa The Incredible Hulk: Ultimate Destruction, 2005, ya studio ya Radical Entertainment wa Canada, ni walewale walikuja kutoa gemu ya Prototype 2009 na ukizicheza zote mbili utaona damu ni moja.

Hapa hakuna kubembea. Hulk anakimbia, akikutana na ghorofa anapanda ukuta akiwa bado anakimbia, akifika juu anaruka na akitua barabara inapasuka. Lakini kitu ilinishika ni magari. Unashika gari, unabonyeza, Hulk analipasua nusu kwa nusu, kipande mkono huu kipande mkono ule, yanakuwa glovu za chuma anapigana nazo na vifaru. Basi la abiria analilaza chini, analipanda na kuteleza nalo barabarani. Mtoto mgeni akija kwa nyumba tulikuwa hatumwelezi misheni wala stori, tunampea padi tunamwambia wewe shika ile basi, tunangoja tuone uso wake.

Ubaya wake sasa. Zile misheni za kulinda! Unaambiwa linda hii kitu mpaka saa iishe, maadui wanatoka kila upande, roboti za Hulkbuster zinakurushia makombora, na Hulk mwenyewe ni mkubwa mpaka anaziba skrini, unapiga tu bila kuona unapiga nini. Kuna moja ilitukalisha wiki nzima mimi na binamu yangu, tukawa tunagawana, yeye anashughulikia helikopta akichoka ananipea padi mimi naendelea na vifaru. Tulipomaliza usiku mama akatuzimia TV kabla hatujaseivu. Tukarudia kesho yake na tukafaulu, na bado naipenda hiyo gemu kuliko nyingi za siku hizi zenye grafiksi za maajabu.

mwanzisha uzi
Mkuu wa Eastlands umeeleza vizuri sana na umenisaidia kupata nilichokuwa nataka kusema. Gemu la superhero lina kazi moja kubwa, likupe ule mwili. Ukiwa Spider-Man ubembee kweli, ukiwa Hulk ushike gari na uone ni jepesi mkononi. Likishakupa hiyo, kamera ikisumbua utavumilia, misheni zikijirudia utavumilia. Lakini kuna magemu stori nzuri, grafiksi kali, halafu shujaa anatembea kizito utadhani kabeba gunia, hilo huwa sirudi hata nikipewa bure.

mabati_juu
Nakubaliana nusu. Ushahidi wangu ni X-Men Origins: Wolverine, 2009, la studio ya Raven Software, lile la PS3 na Xbox 360 na kompyuta (la PS2 ni tofauti msichanganye). Filamu ya jina hilohilo wengi waliiponda, gemu likaipita mbali. Jamaa anapigwa risasi nyama zinachanika unaona mbavu na chuma ndani, ukijiweka pembeni kidogo nyama zinarudi zenyewe huku unaangalia, zinafunika mfupa taratibu, ngozi inakuja juu. Hiyo ndo nguvu yake Wolverine, na hawakuandika tu kwenye mita ya uhai, wameiweka mwilini mwake. Na lile rukio la kumlenga mtu yuko mbali kule unamfuata hewani na makucha mbele, ukishalizoea hutaki kutembea tena.

Sehemu moja kubwa ni msitu wa Angola, nami kama mtu wa bara hili nilitamani wangetuwekea zaidi ya msitu na watu wenye bunduki, hilo niliseme wazi. Kasoro nyingine ni mabosi. Lile jitu la mawe unapigana nalo ukishangilia, baadaye linarudi, linarudi tena, wakati mwingine mawili. Maduka ya mtandaoni waliliondoa zamani kwahiyo mwenye CD atunze.

binti_wa_unguja
Assalaam alaykum wote. Naona wanaume tu humu nami niingie. Mie niko Maskat, kaka angu yuko Unguja, na gemu letu ni Marvel's Avengers ya 2020. Najua lilisemwa vibaya na mengi ni kweli, ukishamaliza stori unabaki kuingia maabara zilezile kupiga maroboti yaleyale, unaokota mikanda na vifaa vyenye namba, unavitupa unaokota vyengine. Kwa hilo sina utetezi.

Lakini Kamala Khan jamani. Binti wa Kiislamu, asili yake Pakistani, wa Jersey City, na stori yote imewekwa mabegani mwake. Pale mwanzo yuko mdogo San Francisco anazunguka kwenye sherehe anatafuta vitabu vya katuni, anakutana na Thor na kina Captain America mdomo wazi, hapigani na mtu, anafurahi tu. Nilikuwa nshacheza gemu nyingi na sikuwahi kumuona shujaa wa kike ambae nyumbani kwao naweza kupaelewa hivo. Alipokuja kurefusha mikono na kupiga mtu kwa ngumi kubwa kama mlango nikampigia simu kaka angu hapohapo.

Basi yeye akawa Hulk mie Kamala, tukipatana wakati baada ya isha, tukizungumza habari za nyumbani, mama kapika nini, nani kaolewa, huku tukivunja maroboti. Kwa mazungumzo hayo kule kujirudia kwa misheni kulitufaa, hakuna la kufikiria. Machi 2023 mavazi yote yaliyokuwa ya kununua yakafunguliwa bure kwa wenye nalo, Septemba likaacha kuuzwa. Mpaka leo tunaingia tukipata nafasi.

bando_la_usiku
Mimi sikuwa na PS wala kompyuta, mimi ni wa simu. The Amazing Spider-Man ya Gameloft, 2012. Unaweka bando la usiku, unaacha simu inashusha data mpaka alfajiri, unaomba Mungu umeme usikate. Misheni zilijirudia, simu inachemka mpaka unaishika kwa leso, ila kwangu mimi kuwa na mji mzima mfukoni kwenye daladala ilitosha. Mliotoka vibandani mtuheshimu na sisi.

mabati_juu
Mnaheshimika sana mkuu.

mtaa_wa_pili
Swali kwa @mabati_juu, nimepata CD ya Wolverine kwa jamaa yangu jana na nimekwama kwa hilo jitu la mawe la kwanza. Nalipiga mbele haliishi.

mabati_juu
Usilipige mbele. Lisubiri likujie kwa kasi, likwepe, likikupa mgongo ndo ulirukie na lile rukio la makucha, ung'ang'anie hapohapo juu ulichome. Ukiona mita yako imeshuka kimbia uwanja mzima mwili ujirudishe ndo urudi. Lipige hivo halafu uje utuambie.