Ulevi uko kwenye damu? Babu, baba, mimi, na sasa kijana wangu

Fundi wa Unga Ltd:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Unga Limited hapa Arusha, kwetu Kibosho. Nina mwaka na miezi miwili sijagusa pombe. Babu alikuwa mtu wa mbege asubuhi hadi usiku. Baba akahamia gongo, akafa tumbo limejaa maji. Mimi nilikuwa wa viroba, pombe kali ya vipakiti. Vilipopigwa marufuku 2017 nikasema serikali imeniponya. Jioni ileile nilikuwa na chupa mfukoni. Msumeno ulinikata vidole viwili saa nne asubuhi, na nilichowaza kwanza ni mke asinuse.

Wiki iliyopita nimenusa bia kwa kijana wangu, yuko kidato cha tatu. Nimetetemeka kuliko siku ya msumeno. Hii kitu inarithiwa? Na Desemba tunapanda nyumbani Kibosho, kata ya mbege itazunguka.

Mama Majengo:
Pole baba. Mimi ni muuguzi hapa Moshi. Inarithiwa, ila si yote: tafiti za mapacha zinaweka karibu nusu ya hatari kwenye damu, nusu kwenye maisha. Hakuna jeni moja la ulevi (nimesema jeni, si jini, msije mkakimbilia kwa mganga). Kinachorithiwa kimojawapo ni ile hali ya mtu kunywa nyingi asilewe. Huku kwetu tunamsifu, "huyu ana kichwa." Huyo ndiye wa kuogopewa, maana mwili haumpi breki. Na anayeanza akiwa mdogo anajiongezea hatari.

Wengine mnaosoma: kama unakunywa kila siku, usiache ghafla peke yako. Degedege linaweza kuja tangu siku ya kwanza, kuweweseka siku ya pili, ya tatu, na vinaweza kuua. Nenda hospitali kwanza.

Mrombo Halisi:
Tusitishane. Mbege ni ndizi na ulezi, chakula kile. Kwetu tumezaliwa watano, wote tunakunywa, mlevi ni mmoja tu.

Mama Majengo:
Huyo mmoja ndiye tunayemzungumzia, kaka.

Kisu cha Ndafu:
Fundi, mimi nina miaka sita bila pombe. Desemba ya kwanza niliwakwepa wazee, wakasema nimelogwa na mjini. Ya pili nilimpigia baba mdogo simu kabla sijapanda gari, nikamweleza kila kitu, hadi aibu zangu. Siku hizi kata ikifika naipokea kwa mikono miwili, nampitishia anayefuata. Hakuna aliyekasirika, kinachowaudhi ni kuikataa mkononi. Halafu najipa kazi ya kuchoma ndafu, maana mwenye kisu hana muda wa kukaa. Ila saa kumi na mbili jioni naondoka, hata kama nyama haijaisha. Giza likiingia sijiamini.

Fundi wa Unga Ltd:
Asanteni. Jana nilimwita kijana karakanani, nikampa msasa tupige mlango pamoja, nikamsimulia yote, na vidole akaviona vizuri. Nikamwambia na hilo la kichwa, kwamba kijiji kizima kilikuwa kinamsifu babu yake hivyo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Baba, juzi nilikunywa tatu na sikusikia kitu."

Mama Majengo, naweza kumleta Jumamosi?