Tupeane uzoefu: kufundisha watoto nusu, robo na theluthi kwa sherehe za Ufilipino

Mama Imani (Los Baños)

Wapendwa, hamjambo. Niko huku Los Baños, mkoa wa Laguna, mwaka wa nne sasa, mume wangu anasoma. Kila Jumamosi nakaa barazani na watoto tisa wa jirani, wa darasa la kwanza na la pili, tunafanya hesabu. Huku sehemu wanaanza nazo darasa la kwanza, nusu na robo, na hapo ndipo wengi wanakwama. Mtoto anakuandikia 1/4 vizuri kabisa. Muulize kati ya nusu na robo ipi kubwa, anakujibu robo, maana nne inaizidi mbili.

Kilichonifungua macho ni fiesta ya mtaani. Jirani yangu alipika biko, mchele wa kunata kwa tui na sukari guru, akaumimina kwenye bilao. Bilao ni ungo wetu kabisa, tena unatandikwa jani la mgomba. Akakata kwa mistari iliyonyooka, ya kwenda na ya kukatisha. Vya katikati vikatoka mraba, vya ukingoni vikatoka vipembe. Mtoto wa miaka sita aliyeangukiwa na kipembe alikichukua akakiweka juu ya kipande cha kaka yake, akabonyeza kingo kwa kidole kuona palipobaki wazi, kisha akanigeukia: "Hindi po pantay!" Havilingani. Mwezi mzima nilikuwa nawaimbia "sehemu zilizo sawa, sehemu zilizo sawa", na hakuna aliyekuwa amenielewa hadi siku ile.

Jumamosi iliyofuata niliwapa duara za karatasi, nikawauliza wangekataje ili asilie mtu. Wakakunja mara moja, nusu. Mara ya pili, robo. Mara ya tatu, thumuni, na wenyewe wakaona kipande kinavyozidi kuwa chembamba kila wanapokunja. Swali la robo na nusu ipi kubwa sijaliuliza tena.

Mwenye uzoefu kama huu, awe huku au anaishi na Wafilipino popote pale, naomba atupe.

Mwalimu wa Machakos

Shikamoo Mama Imani. Mimi nilijitolea Cebu miaka miwili. Pale sherehe kubwa ni Sinulog, Jumapili ya tatu ya Januari, ya kumheshimu Santo Niño, yaani Mtoto Yesu. Jina lenyewe linatokana na *sulog*, mkondo wa maji, na ngoma inachezwa hivyo: hatua mbili mbele, moja nyuma.

Nilichora mistari kwa chaki uwanjani, nikaipa namba, watoto wakacheza. Kati ya hatua tatu, ngapi za kurudi? Moja. Basi 1/3. Tukacheza hatua sita, za kurudi ni mbili, 2/6. Kijana mmoja akasema, "Lakini mwalimu, ngoma ni ile ile." Alikuwa amezifikia sehemu zinazolingana kwa miguu yake, ubao haujaguswa. Baadaye wakaanza kubashiri wenyewe: ukipiga hatua tisa utasimama mstari wa tatu, ukipiga kumi na mbili utasimama wa nne. Walikimbizana kuhakikisha, vumbi tupu.

Bi Salma, Muscat

Nawasalimu nyote. Mimi Mzanzibari, jirani yangu hapa Muscat ni Mfilipino, na watoto wetu wamekua pamoja. Desemba nyumba yake hunukia bibingka. Mara ya kwanza kuionja nilikaa chini: mchele, tui, na alinieleza kwao hupikwa juu ya jani la mgomba, makaa chini na makaa juu. Huo si mkate wa kumimina wa bibi yangu? Tofauti ni yai la chumvi wanalopanga juu.

Kwao kuna Simbang Gabi, misa tisa za alfajiri, tarehe 16 hadi 24 Desemba. Mama yule aliwachorea watoto miraba tisa, mitatu kwa mitatu, wakawa wanapaka rangi mmoja kila siku. Siku ya tatu mstari mzima wa juu umejaa: 3/9, na hapo hapo unaona ni theluthi. Tarehe 24 wakapiga kelele, 9/9, nzima!

Ila la kuwaeleza zaidi ni la maneno. Kitagalogi nusu ni *kalahati*, lakini theluthi ni *sangkatlo* na robo ni *sangkapat*. Tatu ni *tatlo*, nne ni *apat*. Mtoto wao anaisikia nne ndani ya robo. Wa kwetu akisikia "robo" haisikii nne, kwa kuwa neno tumelitoa kwenye Kiarabu. Tangu nilipogundua hilo, wanangu nawaambia kwanza "kimoja katika vinne", halafu ndipo nataja robo. Na theluthi naifungamanisha na thelathini, wanaishika upesi.

Baba Junior, Doha

Kwangu ni parol, ile taa ya nyota ya Krismasi ya mianzi na karatasi. Nyota ina pembe tano, nikamwambia binti kila pembe ni moja ya tano. Akauliza, "Na tumbo la katikati ni la nani?" Alikuwa sahihi. Mwenzangu wa kazini kutoka Pampanga, wanakotengeneza parol kubwa kubwa, alinionyesha: piga mstari kutoka kitovu hadi kila kona ya ndani. Unapata vipande vitano vilivyo sawa, kila kimoja na pembe yake na tumbo lake.

Dada wa Tanga

Asanteni. Swali tu: mtoto hatazoea kwamba sehemu ni za kitu kimoja kinachokatwa? Vitu vingi je?

Mama Imani (Los Baños)

Swali zuri sana, mdogo wangu. Hapo natumia mwaka mpya. Huku usiku wa kuukaribisha mezani huwekwa matunda ya mviringo, familia nyingine 12, nyingine 13. Kumi na mbili ni rahisi: nusu sita, theluthi nne, robo tatu, watoto wanapanga mafungu wenyewe. Mwaka jana kwa jirani yalikuwa 13. Wakagawa sita huku, sita kule, likabaki balungi moja katikati ya meza. Walilitazama muda mrefu. Kisha mdogo kuliko wote, yule yule wa kipembe cha biko, akaenda jikoni akamletea mama yake kisu.