Mrejesho: Yule ndege wa kioo mwenye miguu ya waya

Wakuu, salaam. Niliuliza humu kuhusu ndege wa kioo cha rangi ya chungwa niliyemwokota soko la mitumba hapa London: hana lebo wala sahihi, je, ni Pulcino halisi (kifaranga wa kioo) wa Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo karibu na Venice, Italia? Wengi mlinishauri nisihangaike na lebo, niangalie macho na miguu.

Nikanunua lenzi ya sonara. Macho hayakupakwa rangi: ni vipande vilivyokatwa kutoka kwenye ufito wa kioo wenye tabaka za rangi, vikabandikwa mwilini kioo kikiwa bado cha moto. Ukimgeuza unaona duara ndani ya duara, na ukipitisha ukucha unahisi ukingo. Miguu ni shaba nyekundu, imefifia ikawa kahawia.

Nikampeleka kwa mthamini wa mnada. Akasema ndege wangu anafanana na wale Pulcino waliobuniwa na Alessandro Pianon kwa ajili ya kiwanda cha Vistosi, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ila mguu mmoja umewahi kuchomelewa upya, na bei inashuka hapo hapo. Sijali, simuuzi.

Yule bata mdogo wa kioo cha kijani niliyewaonyesha pia, mkamdharau, naye nilimmulika kwa tochi ya urujuanimno gizani. Aling'aa kijani kikali, kumbe kioo chake kina urani! Hilo halithibitishi ametoka Murano, maana kioo cha urani kilitengenezwa nchi nyingi. Mwenye kujua viwanda vya kioo vya Bohemia (huko Cheki) anisaidie, picha za tumboni mwa bata naweka jioni.