Kama nafasi ya postidoki ina mwenyewe, kwa nini mnatutangazia?

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira.

Chuo kimoja cha umma hapa nchini kilitangaza nafasi moja ya mtafiti wa baada ya PhD, yaani postidoki, mradi wa kuondoa floraidi (madini yanayoharibu meno yakizidi) kwenye maji ya kunywa. Hiyo ndiyo kazi yangu. Miaka minne nimechota maji Arumeru, mkoani Arusha, nimechoma mifupa ya ng'ombe kupata mkaa wa kuchujia, nimeona watoto wakicheka huku wameziba midomo kwa viganja maana meno yamekuwa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kule kuna vyanzo vinavyopita hapo mara kadhaa na watu wanakunywa kila siku. Niliposoma tangazo lile nilisimama.

Siku tisa za kutuma maombi. Vyeti vigongwe muhuri wa wakili, wadhamini wawili waandike barua, andiko la utafiti kurasa tano. Mdhamini wangu mmoja alikuwa safarini, aliniandikia usiku wa manane. Kwenye andiko lile nilimwaga yote niliyonayo kichwani, hata wazo ambalo sijalichapisha popote. Nikatuma.

Kimya. Napiga simu, naambiwa subiri. Juzi mtu aliyemo kwenye mradi kaniambia: jina la anayechukua nafasi liliandikwa kwenye ombi la fedha tangu mwaka jana. Mfadhili alitaka tangazo, wakatangaza. Na andiko langu wanalo.

Sikatai, kiongozi wa mradi kumtaka mtu aliyefanya naye kazi ni jambo linaloeleweka. Mchukue! Lakini usitufanye watu wazima wenye familia tukeshe, tukope hela ya wakili, tuache mawazo yetu mezani kwako ili faili lako likamilike.

Kuna atakayesema "omba nje". Naomba. Kuna fedha za kuwafadhili watafiti wa baada ya PhD: Humboldt ya Ujerumani inataka uwe na profesa wa kukupokea kwanza. JSPS ya Japani, mwenyeji wa huko ndiye anayewasilisha ombi lako. Marie Curie ya Umoja wa Ulaya unaomba pamoja na msimamizi wa taasisi ya huko. Yaani kote unahitaji mtu mmoja ajibu barua pepe yako, na mimi barua pepe zangu nyingi hazijajibiwa hata kwa neno moja. Huku muda unakimbia: JSPS wanataka isizidi miaka sita tangu upate PhD, Marie Curie uzoefu wa utafiti baada ya PhD usizidi miaka minane. Mwaka unaoupoteza kusubiri tangazo la uongo hapa nyumbani hakuna wa kukurudishia.

Ninachotaka ni kidogo. Kama mtu yupo tayari, tangazo liseme. Andiko la utafiti aombwe aliyefika kwenye usaili tu. Na aliyekosa ajulishwe, hata kwa mistari miwili.

Wenye PhD za sayansi na uhandisi mliopita humu, wekeni hapa bila kutaja majina: tangazo lilikaa siku ngapi, mliombwa nini, na jibu lilikuja lini kama lilikuja. Nakusanya, nitayapeleka yote kwa maandishi kwenye mamlaka inayosimamia vyuo.