Chambo laini cha plastiki kwa changu doa na chaa: umbo gani, uzito gani?

Mshipi wa Chwaka

Assalamu alaykum ndugu wavuvi. Mpwa wangu aliyeko Marekani ameniletea mfuko wa vyambo laini vya plastiki pamoja na ndoana ndogo zenye chubwi kichwani, vyote vimetengenezwa kwa ajili ya blugili na krapi, samaki wadogo wa maziwa ya huko. Vipo vyenye mkia mwembamba ulionyooka, vyenye mkia uliojikunja, na vingine vina mwili wa bomba wenye nyuzi nyingi mwishoni. Urefu wake ni sentimita 2.5 hadi 5, na chubwi zina uzito wa wakia 1/32, 1/16 na 1/8.

Mimi huvua kwa fimbo nyepesi ukingoni mwa mikoko na juu ya majani ya bahari katika ghuba ya Chwaka, nikitafuta changu doa, chaa na mkundaji. Nahisi samaki wanadonoa, lakini ninapovuta hakuna kitu, na mara nyingine mkia wa chambo umekatika. Naomba mnieleze nichague kipi na nikichezeshe vipi majini.

Mwana wa Mkunazini

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Nilikaa miaka kadhaa Minnesota na nikawavua sana samaki hao, kwa hiyo nianze na sababu ya vyambo hivyo kuwa na maumbo hayo. Blugili ana mdomo mdogo mno, chakula chake ni wadudu, mabuu na konokono wadogo, na huja polepole, akasimama mbele ya chambo akikikagua kabla ya kukifyonza. Ndiyo maana huvuliwa kwa plastiki nyembamba yenye mkia ulionyooka, ikining'inia chini ya boya dogo karibu bila kutikiswa. Krapi ana mdomo mpana zaidi, hufukuza samaki wadogo na hutazama juu, kwa hiyo chambo chake hupitishwa juu ya kichwa chake, na hapo mkia uliojikunja hufaa kwa sababu hucheza wenyewe chambo kikivutwa taratibu.

Sasa wapime samaki wako kwa kipimo hicho. Chaa huchomoa mdomo wake na kufyonza vijidudu mchangani, mkundaji hupekua kwa ndevu zake, na changu doa hula minyoo, kaa wadogo na kombe. Wote hao wanatafuta kitu kidogo kinachotambaa chini, hakuna anayekimbiza. Chukua mkia ulionyooka wa sentimita 2.5, kiache kifike chini, kivute kiasi cha shibiri moja kwenye mchanga, kisha kiache kitulie mpaka uone umechoka kusubiri. Wavuvi wengi huharibu mambo kwa kutikisa fimbo bila kupumzika. Mikia iliyojikunja iweke kwa ajili ya kolekole wadogo na chewa wanaojificha kwenye mizizi ya mikoko.

Mpemba wa Wesha

Nakubaliana na Mwana wa Mkunazini kuhusu umbo, ila kuna jambo ambalo maelezo ya ziwani hayaligusi. Maji ya ziwa yametulia, lakini ya kwetu yanakwenda. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupindukia mita 3, na chubwi ya wakia 1/32, ambayo haifiki hata gramu 1, huchukuliwa na mkondo isiguse chini kabisa. Kwa maoni yangu uzito ndio wa kwanza, umbo la pili, na rangi ni ya mwisho. Maji yakivuta sana, funga 1/8, ambayo ni gramu 3.5 hivi, yakianza kulegea, shuka hadi 1/16, na katika maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, au ile nusu saa ya maji kusimama, hiyo nyepesi kuliko zote ndiyo itakayokupa samaki, kwa kuwa huanguka taratibu na changu hupata muda wa kuiamini. Kanuni yangu ni kutumia chubwi nyepesi kadiri iwezekanavyo, mradi nihisi inagusa mchanga.

Kuhusu kudonolewa, utazame mkia uliobaki. Ukiwa umekatwa safi kama kwa wembe, huyo ni bunju, na dawa yake ni kuhama mahali. Ukiwa umevutwa na kurefuka tu, samaki ni wako ila ndoana iko mbali na mdomo wake. Kata sentimita moja ya plastiki upande wa kichwa, si wa mkia, ili ncha ya ndoana isogee nyuma. Kabla ya kukivisha, laza chambo kando ya ndoana, weka alama kwa ukucha pale ncha itakapotokea, kisha kipitishe katikati kabisa ya mwili. Kikikaa upande, kitazunguka majini kila unapovuta, uzi utajisokota, na changu hatakisogelea.

Bint Pwani, Mkoani

Kaka wa Wesha, rangi usiidharau kiasi hicho. Maji yakiwa maangavu, plastiki inayopitisha mwanga, ya kahawia au ya rangi ya kamba wa baharini, huwatuliza samaki. Kusi ikichafua maji, nyeusi huonekana vizuri zaidi kwa kuwa umbo lake hujitokeza. Nyekundu hupotea mapema kadiri maji yanavyoongezeka kina, ingawa kwenye maji ya kiunoni hilo halina uzito.

Ongeza pia kipande cha nyama ya kamba kisichozidi ukucha wa kidole kidogo kwenye ncha ya ndoana. Wamarekani wenyewe huwawekea blugili funza juu ya plastiki, basi nasi tusione haya. Tena nakuomba sana ubane kijino cha ndoana kwa koleo, kwani majani ya bahari na mikoko ndiyo malezi ya changu na chewa wachanga, nao utawapata wengi kwa vyambo vya ukubwa huo. Wakitoka bila jeraha, watarudi majini wakiwa hai.

Mshipi wa Chwaka

Nawashukuru nyote. Swali la mwisho: vyambo vyangu vimeanza kushikamana na rangi zinaambukizana. Je, vimeharibika?

Mpemba wa Wesha

Havijaharibika, ila vitenganishe leo. Plastiki hiyo hulainishwa kwa mafuta maalumu, na joto huyatoa nje yakabeba rangi. Kila rangi ibaki kwenye mfuko wake iliyokuja nao, mbali na jua, vikiwa vimelala vimenyooka, kwa sababu mkia uliokunjamana kifukoni hautanyooka majini. Zipo pia aina zinazovutika kupita kiasi, za malighafi nyingine; hizo zikigusana na za kawaida huyeyushana hadi zikawa uji. Na vilivyochakaa rudi navyo nyumbani, usivitupe ghubani.